Sura ya Nne: Kwa Mama Pima

Kibera huulizi baa, unauliza mtu. "Kwa Mama fulani ni wapi?" na mtoto anayecheza uchochoroni atakuonyesha kwa kidevu bila kuacha mchezo wake. Nyumba yenyewe haina kibao. Ni chumba cha futi kama kumi kwa kumi, kuta za udongo au mabati, pazia mlangoni, benchi za mbao kando ya kuta tatu, na nyuma ya pazia la pili kitanda cha mwenye nyumba, sare za shule za watoto zikiwa zimetundikwa msumarini. Anayeingia husalimia wote waliomo kabla ya kutafuta pa kukaa. Kisha huomba: "Mama, nipimie."

Chang'aa, pombe kali ya kukenekwa, hupimwa kwa glasi ndogo; busaa, pombe ya nafaka, kwa mkebe wa mafuta ya kupikia ambao Nairobi nzima inauita kasuku. Mama pima ana daftari la madeni, na ana kumbukumbu kuliko daftari. Anajua nani amelipwa leo na nani amefukuzwa kazi juzi. Anajua msiba uko wapi, kwa sababu mchango wa kusafirisha maiti kwenda Siaya au Vihiga mara nyingi huanzia kwenye benchi zake. Akimwambia mtu mzima aliyelewa aondoke, mtu huyo huondoka, maana yuko nyumbani mwa watu.

Nyumba hizi ni miongoni mwa taasisi kongwe za jiji la Nairobi. Hoteli za kifahari za katikati ya mji zina picha zao za zamani ukutani na vitabu vilivyoandikwa kuzihusu. Nyumba za pombe za Kibera na Kawangware zimeandikwa zaidi na waliozivamia: polisi, mahakimu, maafisa wa wilaya, wanahabari waliofuatana na msako. Ukisoma faili hizo peke yake utadhani hapakuwahi kuwa na chochote ndani isipokuwa uhalifu na ulevi. Mimi naona hapo palikuwa na kazi, ada za shule, na wanawake waliojenga mji ambao sheria haikutaka waishi ndani yake.

Tuanze na msitu. Karibu mwaka 1904, askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles, watu waliotoka Sudan na kupitia Uganda wakiwa na Waingereza, waliruhusiwa kukaa na familia zao kwenye mteremko wenye miti mingi kusini magharibi mwa Nairobi. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Mzee aliyestaafu alipewa mahali pa kujenga na kulima, na hiyo ndiyo ilikuwa shukrani ya utumishi wake. Hati hakupewa. Mwaka 1928 jeshi likakabidhi usimamizi wa Kibera kwa utawala wa kiraia, na kuanzia hapo Wanubi wakawa wageni juu ya ardhi waliyoambiwa ni yao.

Sasa fikiria mke au mjane wa askari huyo. Kazi za ofisini hazikuwa zake. Kazi za nyumbani kwa Wazungu zilishikwa zaidi na wanaume. Lakini alikuwa na kuni za msitu, maji ya kijito, na ujuzi wa kukeneka pombe kali. Huweka kangara, yaani mchanganyiko uliochacha, katika chombo juu ya moto. Mvuke hupanda, hukutana na chombo chenye maji baridi, hurudi kuwa majimaji na kudondoka tone kwa tone kwenye bakuli. Maji baridi lazima yabadilishwe kila yanapopata joto. Moto ukizidi, kinywaji kinaharibika. Ukipungua, hakuna kinachotoka. Kazi hiyo hudai macho na subira ya usiku mzima, na mikono iliyoifanya ilikuwa ya wanawake hao hao waliosifika kwa kusuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi nyingi ambavyo bado utaviona katika nyumba za Makina, moja ya sehemu za Kibera.

Nairobi iliita kinywaji hicho jini ya Kinubi. Kilinywewa na vibarua, na wapishi na madobi wa makao ya Wazungu, na askari wa kambi zilizo karibu. Mwanahistoria Timothy Parsons, aliyeandika mwaka 1997 kuhusu urithi wa kijeshi wa Kibera, anaonyesha jinsi biashara hii ilivyozibeba familia, na jinsi maafisa walivyoitumia kama sababu ya kutaka Wanubi wahamishwe. Dini nayo ilikuwepo. Wanubi ni Waislamu, na jambo hili halikuwa jepesi hata ndani ya familia zenyewe. Lakini tumbo la mtoto halingoji fatwa, na ada nayo haingoji.

Jini hiyo ilikuwa inavunja sheria kubwa kuliko ya Nairobi. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, uliotiwa sahihi na madola yaliyoshinda Vita vya Kwanza vya Dunia, ulipiga marufuku kukeneka pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mzungu wa Nairobi aliendelea kunywa wiski yake. Mjane wa Kibera, ambaye mumewe alipigania taji la Uingereza, akawa mhalifu wa kimataifa jikoni mwake.

Kuhusu pombe isiyokenekwa serikali ilikuwa na mpango mwingine. Huko Durban, Afrika Kusini, manispaa iligundua mwanzoni mwa karne iliyopita kwamba ikijitwalia peke yake haki ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe yao wenyewe, faida itatosha kulipia utawala juu yao. Nairobi iliiga. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilifungua ukumbi wake wa pombe katika mtaa wa Pumwani, na faida ikagharamia huduma za Waafrika mjini. Maana yake kibarua alijilipia huduma hizo kila alipoinua kikombe, na mwanamke aliyekuwa akiuza pombe ile ile chumbani kwake akawa mshindani wa serikali anayepaswa kukamatwa.

Hao washindani walijua la kufanya na pesa. Janet Bujra, aliyechunguza Pumwani na kuandika mwaka 1975, alikuta kwamba wanawake wengi wa mwanzo wa Nairobi walioishi kwa kupika pombe na kwa ukahaba waliwekeza katika nyumba, wakawa wenye nyumba wa kwanza wa mji wa Waafrika. Wengi walikuja wakikimbia ndoa mbaya au utasa uliowafanya wadharauliwe kwao. Mjini walipata paa lao, wapangaji wao, na jina la kuitwa kwa heshima. Nimewahi kusikia watu wakiliona jambo hili kama aibu ya Nairobi. Kwangu ni moja ya sura zake za ujasiri.

Kibera ilibadilika baada ya uhuru. Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu na Wakisii walimiminika kutafuta kazi karibu na eneo la viwanda na mitaa ya matajiri, na vijiji vikaota kandokando ya reli: Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Soweto, Silanga. Jini ikapata jina lililoenea nchi nzima, chang'aa, na majina ya mtaani kama machozi ya simba. Na kutoka Magharibi mwa Kenya ikaja busaa.

Busaa haitaki haraka. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kufunikwa kwa siku kadhaa hadi uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana, ukigeuzwa kwa koleo, hadi uwe rangi ya kahawia na harufu yake ijaze uchochoro mzima. Pembeni, wimbi limeloweshwa, likaachwa lichipue, likaanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unga uliokaangwa, kimea na maji huingia pamoja katika pipa, huachwa vichemke vyenyewe kwa siku moja au mbili, kisha huchujwa. Kinachopatikana ni kinywaji kizito, cha rangi ya udongo, chenye uchachu na joto la mwili, kinachoshibisha karibu kama uji. Machicha huliwa na kuku na nguruwe.

Vijijini Magharibi wazee huketi kuzunguka chungu kimoja na kunyonya kwa mirija mirefu, maji ya moto yakiongezwa mara kwa mara. Nairobi chungu kikawa ndoo na mrija ukawa kasuku, lakini mviringo ulibaki. Ndiyo maana benchi za mama pima hufuata kuta, kila mtu akimtazama mwenzake.

Kuna sifa moja ya busaa iliyotengeneza uchumi mzima wa nyumba hizi. Haikai. Siku mbili tatu baada ya kuchujwa imeshakuwa siki. Haiwezi kurundikwa na tajiri mmoja wala kusafirishwa mbali. Lazima ipikwe na wengi, kidogo kidogo, na inywewe karibu. Nici Nelson, mwanaanthropolojia aliyeishi na wapika busaa wa Mathare, ng'ambo ya pili ya jiji, alieleza mwaka 1978 jinsi walivyouziana kwa jumla ili pipa la mmoja lisiharibike, na jinsi walivyosaidiana polisi walipokuja. Utaratibu huo huo unaujua kila aliyekaa Kibera. Leo pipa ni la jirani wa kushoto, kesho la kulia. Anayekamatwa, wenzake huchanga faini na kumlishia watoto.

Kawangware ina historia nyingine, na tofauti kubwa ni ardhi. Huku ni Dagoretti, nchi ya Wakikuyu, mashamba ya mbari yaliyokuja kupimwa na kupewa hati, kisha yakamezwa na Nairobi mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka 1963. Mwenye ploti Kawangware alijua ni yake. Aliweza kujenga baa ya mawe, akaweka kaunta yenye nyavu za chuma, chumba cha nyama nyuma, na kumwachia mwanawe. Machinjio ya Dagoretti yako karibu, na ndiyo maana nyama choma ya upande huu inajulikana jiji zima. Mnywaji wa Kibera hana baa ya babu yake kwa sababu babu yake hakuwa na karatasi.

Kinywaji cha kale cha Dagoretti ni muratina. Tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia mtini kwa kamba yake, hukatwa, huchemshwa na kukaushwa, kisha hutiwa katika asali na maji au maji ya miwa ndani ya kibuyu, na kibuyu huwekwa karibu na moto. Tunda lililokwisha kutumika huanikwa na kutumika tena, kwa maana limebeba hamira ya kinywaji kilichopita. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, anaionyesha pombe hiyo ikiwa sehemu ya mahari, ibada na mabaraza. Haikuwa ya kila mtu. Kijana hakuinywa; ilikuwa ya wazee, na mzee alitangulia kumwaga kidogo chini kabla ya kuionja. Hadi leo sherehe ya mahari, ruracio, isiyo na muratina huonekana kuwa na upungufu, hata katika familia za kanisani ambazo huiweka mezani bila kuinywa.

Lakini Kawangware ya leo si ya Wakikuyu peke yao. Kwenye steji za matatu za 46 au 56, au kule sehemu iitwayo Congo, utasikia Kiluhya kama uko Kakamega, na baa za Jumamosi zimegawana muziki kwa namna hiyo. Mlango mmoja ni mugithi, mtu mmoja na gitaa, wateja wakiwa wameshikana viunoni kama mabehewa ya treni. Mlango wa pili ni ohangla ya Wajaluo. Wa tatu ni isukuti, ngoma ya Waluhya, au kanda za zamani za magitaa ya omutibo, mtindo uliofanywa maarufu na George Mukabi aliyefariki mwaka 1963. Nyimbo nyingi za Kenya zilijaribiwa kwanza mbele ya walevi, ambao ni wasikilizaji wagumu kuliko wengi wanavyodhani: wimbo ukiwa baridi wanaendelea na mazungumzo yao.

Kuna jambo moja la nje ambalo nataka liingie hapa, kwa sababu linalingana na letu kwa ukaribu wa kushangaza. Wairishi nao walikuwa na pombe yao ya kukenekwa vijijini, poitín, iliyotengenezwa kwa shayiri na baadaye viazi. Waingereza waliokuwa wakiwatawala waliipiga marufuku mwaka 1661, kwa ajili ya kodi. Wairishi waliendelea kuikeneka milimani kwa zaidi ya miaka 300, wakikimbizana na askari wa ushuru, na kuuza kwake kuliruhusiwa tena mwaka 1997. Wakati huo huo baa zao za mjini zikawa fahari. Dublin kuna baa kando ya makaburi ya Glasnevin, ya ukoo wa Kavanagh, iliyofunguliwa mwaka 1833 na bado iko mikononi mwa ukoo huo huo. Wachimba makaburi walinywea hapo, na watu wakaiita baa hiyo kwa jina la wachimba makaburi. Baa za namna hiyo hulindwa, hupigwa picha, huandikiwa vitabu. Hakuna anayesema zilistahili kubomolewa kwa sababu kuna watu waliolewa ndani yake.

Kenya ilipata sheria yake ya kupiga marufuku chang'aa mwaka 1980, chini ya Rais Moi. Klabu za busaa zilizokuwa na leseni nazo zilikuwa zikifungwa katika miaka hiyo. Unywaji haukupungua kwa kuwa sheria imepita, ulihama. Uliingia ndani zaidi, usiku zaidi, na ukaanza kulipiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mama pima, mara ya pili kwa askari, kwa machifu, na kwa kanjo, yaani askari wa jiji. Kila mpika pombe wa Kibera aliingiza kitu kidogo katika hesabu zake, kama alivyoingiza kuni na sukari guru.

Madhara yake makubwa yalikuwa sumu. Busaa, muratina na hata chang'aa ya nafaka iliyokenekwa kwa uangalifu ni pombe. Zina madhara ya pombe, na zimevunja nyumba nyingi, sitaki kulificha hilo. Lakini haziui watu kwa mamia usiku mmoja. Kinachoua hivyo ni methanoli, kemikali ya viwandani, inayoongezwa na wafanyabiashara wakubwa ili kinywaji kiwe kikali haraka na kwa bei rahisi. Mwilini hugeuka asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, na ndiyo maana walionusurika huamka wakiuliza mbona taa zimezimwa. Novemba mwaka 2000, katika mitaa ya Mukuru, kinywaji kilichoitwa kumikumi kwa sababu glasi iliuzwa shilingi kumi kiliua zaidi ya watu 130 na kuwaacha wengine vipofu. Mei mwaka 2014 watu zaidi ya 80 walikufa katika kaunti kadhaa. Wale waliokufa walikuwa vibarua, watu wa mjengo, wauza mboga. Walikunywa kitu ambacho hawangeweza kujua kimetoka wapi, kwa sababu biashara iliyofichwa haina wa kuulizwa. Mama pima wa zamani alionja mwenyewe kabla ya kupima. Yule aliyenunua mtungi kutoka kwa dereva asiyemjua hakuwa na cha kuonja isipokuwa imani.

Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo watu huiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo, aliyeipigania. Ilifuta marufuku ya 1980. Chang'aa ikawa halali, mradi mtengenezaji awe na leseni, kinywaji kithibitishwe ubora, na kiuzwe katika chupa ya glasi isiyopungua mililita 250, yenye lebo na onyo la afya. Baa zikawekewa saa: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Nia ilikuwa nzuri. Lakini mwanamke anayekeneka lita ishirini kwa wiki hawezi kununua mashine ya chupa, na hakuna aliyempa mkopo wala mafunzo. Mlango ulifunguliwa mbele ya kiwanda. Yeye alibaki pale pale, na msako uliendelea.

Kiwanda kilikuwa tayari kimefika kwa njia nyingine. Mwaka 2004 East African Breweries, kampuni iliyotokana na kiwanda cha Ruaraka cha ndugu wa ukoo wa Hurst cha mwaka 1922, ilianzisha bia ya Senator iliyouzwa kwa mapipa bila chupa, kwa nafuu ya ushuru, ili kushindana na chang'aa. Ilinywewa katika kombe kubwa la plastiki, kwa bei ambayo mtu wa kibarua aliimudu. Mwaka 2013 serikali ilirudisha sehemu ya ushuru, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na wakulima wa mtama uliotumika kuitengeneza wakabaki na magunia yao. Nafuu ikarudishwa baadaye. Keg, kama inavyoitwa, imefanya jambo jema: ni safi na haimpofushi mtu. Pia imezifuta nyumba nyingi za busaa Kawangware, na kuingiza badala yake chumba chenye mabomba, runinga ya mpira wa Ulaya, na mhudumu wa zamu asiyejua mteja wake ana watoto wangapi. Faida inayotoka kwenye kombe lile haibaki mtaani.

Mwezi Juni mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi wa Kibera hati ya ekari 288, kilichobaki cha zile 4,197. Ilikuwa imechukua zaidi ya karne. Katika ekari hizo huenda bado kuna vyumba ambamo jini ilikenekwa kabla ya Vita vya Pili, na wazee waliokuwa watoto wakitumwa kuangalia askari wanakuja kutoka upande gani. Wanahistoria wetu wana miaka michache ya kuwafikia. Wawaulize nani aliwafundisha mama zao kujua moto unaotosha. Wawaulize mtungi ulifichwa wapi, na nani alilipa faini. Wawaulize ni mtoto yupi wa nyumba ile aliyekwenda shule kwa pesa hizo, akawa nani, na kama alipokuwa hakimu au mwalimu aliwahi kumtaja mama yake mbele za watu.